Mgeni Kisumu msimu wa siasa: lini ubaki, lini ujifungie, lini ufungashe

Nimetoka Mwanza, na tangu 2011 nauza vitenge Kisumu. Nimepitia hapa uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022, nikapitia Jumatatu na Alhamisi za maandamano ya 2023, na Juni 2024 vijana walipoukataa Muswada wa Fedha. Joto la siasa likianza kupanda, simu yangu haitulii. "Dada, tuje au tuahirishe?" "Shangazi, turudi nyumbani au tukae?" Jibu la haraka linaweza kumponza mtu, kwa hiyo nimekaa chini nikaandika hatua zangu zote. Nawaandikia Watanzania, Waganda, Wakongo na Warundi waliopanga vyumba Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru, pamoja na yule anayekuja wiki mbili tu kununua mzigo au kumwona nduguye.

Maonyo mengi ya usafiri yameandikwa kwa ajili ya Mzungu. Mzungu akipita Kondele, hapa Kisumu, siku ya mawe, kila mtu anaona kwamba hana kura. Sisi hatuonekani hivyo. Mganda wa Mbale, Mkurya wa Tarime, Mrundi, Mjaluo wa Rorya: machoni pa kijana mwenye jiwe au askari mwenye rungu sote ni wenyeji, na mwenyeji lazima awe na upande. Huyo Mjaluo wa Rorya akiwa Kisumu atahesabiwa wa nyumbani. Siku mbaya, akiwa mji mwingine, jina lake hilohilo linaweza kumgeuka. Hatari yetu kubwa ni kufananishwa, na karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

Hatua ya 1: Jua ni fujo ya aina gani

Watu husema "Kenya kumechafuka" kana kwamba fujo ni moja. Kwa niliyoyaona ziko tatu, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Ya kwanza ni ya wananchi na serikali. Barabara inafungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, polisi wanakuja na vitoa machozi, usiku wanaingia mitaani. Hii ndiyo fujo ya Kisumu hasa. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilikuta kwamba Nyanza, yaani Kisumu na majirani zake, wengi wa waliouawa walikufa kwa risasi. Agosti 2017 mkono wa polisi ulikuwa uleule: mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu, mtoto wa miezi sita alipigwa rungu ndani ya nyumba yao polisi walipoingia usiku, akafariki siku chache baadaye. Katika fujo ya namna hii jirani yako hana shida nawe. Anayekimbia barabarani ndiye anayeumia zaidi. Dawa yake ni kukaa ndani, mbali na barabara kuu.

Ya pili ni ya jamii kwa jamii. Hii ndiyo inayonitisha kupita zote, na mji wa kuisomea ni Nakuru. Kura za 2007 zilipigwa 27 Desemba, matokeo yakatangazwa 30 Desemba, na 1 Januari kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likachomwa likiwa na watu ndani. Waliofukuzwa mashambani walikimbilia Nakuru, wakapiga kambi kwenye uwanja wa maonyesho. Wiki tatu mji ukawa kimbilio la wengine. Halafu kuanzia 24 Januari 2008 Nakuru wenyewe ukalipuka kwa mapanga, mishale na moto, na siku chache baadaye ikawa zamu ya Naivasha. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100, na takriban 600,000 wakahama makwao. Katika fujo hii mlango uliofungwa ni mtego, kwa kuwa nyumba ndiyo inayochomwa. Dawa yake ni kuondoka mapema, kabla mtu hajakuambia uondoke.

Ya tatu ni uporaji. Huja mgongoni mwa zile mbili, na haujali kabila wala chama. Dawa yake ni kuhamisha mali na kuiacha ile usiyoweza kuihamisha. Hakuna robota la vitenge lenye thamani ya kidole chako kimoja.

Utazitofautishaje? Jiulize anayelengwa ni nani. Zikilengwa ofisi za serikali na magari ya polisi, ni ya kwanza. Lakini ukiona vikaratasi vimedondoshwa usiku vikiwataka watu fulani wahame, alama zimechorwa kwenye milango ya baadhi ya nyumba tu, au jirani wa jamii moja anahamisha watoto na godoro bila kuaga, usisubiri kusikia redioni.

Fujo za Juni 2024 zilinifundisha jambo jingine. Vijana waliandamana Kisumu, Nakuru, Eldoret na Nairobi kwa wakati mmoja, na hawakuulizana makabila. Mgeni aliyezoea kupima kwa ramani ya makabila angekosea siku hiyo, akadhani mtaa fulani u salama kwa sababu "ni wa upande wa serikali".

Hatua ya 2: Soma kalenda, usisome siku ya kura peke yake

Wageni wengi hukata tiketi ya kuondoka siku moja kabla ya kura na kurudi wiki moja baadaye. Wanaondoka wakati wa utulivu na kurudi wakati wa hatari. Siku ya kura yenyewe huwa shwari: watu wako kwenye foleni, maduka yamefungwa, hata bodaboda ni wachache.

Hatari huanzia siku za kusubiri. Mwaka 2013 kura zilipigwa 4 Machi na matokeo yakatangazwa 9 Machi. Mwaka 2017 ilikuwa 8 Agosti, matokeo 11 Agosti. Mwaka 2022 ilikuwa 9 Agosti, matokeo 15 Agosti. Halafu kuna Mahakama ya Juu. Mwaka 2013 Kisumu ilivumilia siku ya matokeo, ikachafuka 30 Machi majaji waliposoma uamuzi. Mwaka 2017 ikawa kinyume: 1 Septemba mahakama ikafuta uchaguzi wa rais, mji ukacheza barabarani, na hatari ikarudi kwenye marudio ya 26 Oktoba, ambapo kura haikupigwa Kisumu, Siaya, Homa Bay wala Migori.

Sasa tia alama zako. Katiba ya Kenya inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao ni 10 Agosti 2027. Tume ya uchaguzi ina siku 7 kutangaza rais. Mlalamishi ana siku 7 baada ya kutangazwa kufika Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 kuamua. Kila mmoja akitumia muda wake wote, unafika 7 Septemba kabla hujajua. Uchaguzi ukifutwa, marudio ni ndani ya siku 60. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura, duru ya pili ni ndani ya siku 30. Mgeni mwenye busara anahesabu karibu miezi mitatu, wala si wiki moja.

Usisahau mchujo wa vyama, miezi kadhaa kabla ya kura. Nyanza, mahali ambapo tiketi ya chama kimoja imekuwa karibu sawa na ushindi, mchujo ndio uchaguzi wenyewe kwa viti vya chini, na vijana wa wagombea hupigana kwelikweli. Mwandishi wa habari wa nje hana habari nao. Mama muuza samaki anajua.

Nje ya uchaguzi kuna tarehe zinazojirudia: 25 Juni, siku waandamanaji walipoingia Bungeni mwaka 2024, na 7 Julai, Saba Saba, ambayo ina historia tangu 1990. Siku hizo mbili mimi sisafirishi mzigo.

Na usichanganye msiba na maandamano. Raila Odinga alipofariki 15 Oktoba 2025, Kisumu ilifurika. Watu walitembea na matawi, pikipiki zikapiga honi, vilio vikatanda hadi alipozikwa Bondo 19 Oktoba. Kuna desturi ya Waluo iitwayo tero buru, ya kukifukuza kifo kwa kelele, vumbi na mbio za ng'ombe. Mgeni asiyeijua ataona umati wenye fimbo akadhani vita vimeanza. Simama pembeni, vua kofia, wapishe. Hatari kubwa ya siku kama hiyo ni msongamano, hasa milangoni mwa uwanja.

Hatua ya 3: Ujulikane kabla hujahitaji kujulikana

Hatua hii haina njia ya mkato, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Usiku wa 11 Agosti 2017, matokeo yalipotangazwa, nilikuwa chumbani kwangu Manyatta. Nje milio ya risasi, sufuria zinagongwa, watu wanapiga filimbi kuonyana. Mara mlango ukabishwa. Vijana. Mmoja akasema, "Huyu mama si wa hapa, Kiswahili chake kirefu." Kabla sijajibu, mzee wa nyumba ya pembeni, ambaye kila asubuhi nilikuwa namsalimia "Oyawore, jaduong'", akatoka na taa yake akasema maneno machache kwa Kijaluo. Nilielewa neno moja tu: wendo. Mgeni. Wakaondoka. Mzee huyo hakuwa akinidai wala mimi kumdai. Tulikuwa na salamu za miaka sita.

Kwa hiyo fanya haya miezi mingi mapema. Jitambulishe kwa mzee wa nyumba kumi na kwa chifu, ukiwa na kitambulisho chako mkononi, uwaambie unatoka wapi na unafanya nini. Nunua mboga kwa mama mmoja yuleyule. Chagua bodaboda mmoja wa steji ya karibu, umtumie siku za amani na umlipe vizuri, kwa sababu hao ndio wanaojua barabara ipi imefungwa saa hii, na mara nyingine wanaofunga ni wenzake. Nenda kwenye misiba ya mtaani na utoe rambirambi hata kama ni shilingi mia. Jifunze salamu za Kijaluo na sentensi moja: "An wendo," mimi ni mgeni. Kakamega jifunze za Kiluhya, Kericho za Kikalenjin.

Mfundishe na mwanao. Watoto wetu wanaozaliwa huku husema Kijaluo kuliko sisi, na mtoto akiulizwa ni wa nani ajue kujibu bila kubabaika.

Kisha funga mdomo kuhusu siasa. Usichague upande hata kwa utani, hata na rafiki, hata kwenye status ya WhatsApp. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inaadhibu matamshi ya chuki, na mgeni anaweza pia kurudishwa kwao. Nikiulizwa nampenda nani, najibu, "Mimi mgeni, nawaombea amani," na naimaanisha.

Nguo nayo inasema. Mwaka 2022 dada mmoja kutoka kwetu alishuka stendi ya Kisumu amejifunga kanga ya CCM, kijani na njano. Kwake ilikuwa kanga ya safari tu. Kwa vijana wa stendi, njano ile ilikuwa ya UDA, chama kilichokuwa kikishindana na mtu wao. Akazomewa hadi mama wa chai akamvuta ndani ya kibanda na kumfunika leso nyingine. Msimu huo acha njano, chungwa na nyekundu kabatini, na fulana za bure za wagombea usizipokee.

Hatua ya 4: Pima mtaa wako, si nchi

"Kisumu kuna fujo" ina maana ndogo sana. Mara nyingi ina maana ya Kondele, pale barabara ya Kakamega inapokutana na ile ya Kibos, Manyatta na Obunga zikiwa ubavuni. Pale ndipo mawe huanza. Nyalenda hufuata. Milimani na Dunga siku hiyohiyo watu huenda wanakula samaki. Lakini angalia hospitali: ile kubwa ya rufaa ya Jaramogi, ambayo wenyeji huiita Russia, iko upande huohuo wa Kondele. Ukiwa mjamzito, au una mgonjwa wa sukari au wa figo, usipime chumba chako peke yake; pima na njia ya kwenda hospitali.

Tembea kwa mguu kutoka kwako ukahesabu: hatua ngapi hadi barabara kuu, njia ngapi za kutoka, ukuta ni wa tofali au wa mabati, kituo cha polisi kiko wapi, duka kubwa la kuvutia waporaji liko wapi. Chumba cha mabati kando ya barabara kuu si mahali pa kukaa wiki ya matokeo. Omba hifadhi kwa rafiki aliye ndani zaidi, hata kwa siku kumi.

Nakuru pima kwa jicho jingine. Kaptembwo, Rhonda na Free Area ni mitaa ya watu mchanganyiko na wapangaji wengi. Ulizia wenyeji wazee wa ploti yako ilikuwaje Januari 2008. Wanakumbuka nyumba kwa nyumba. Na mipaka ya jamii mashambani, kama Muhoroni kwenye miwa au Sondu kati ya Kisumu na Kericho, ina migogoro yake isiyosubiri uchaguzi wa rais.

Hatua ya 5: Makaratasi, pesa, chakula

Hapa nitakwenda haraka, maana ni mambo ya kawaida.

Anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 anatakiwa kusajiliwa na kuwa na kitambulisho cha mgeni. Kama chako kinaisha kati ya Juni na Novemba wa mwaka wa uchaguzi, kianze mapema. Ofisi zikifungwa hakuna wa kukuhurumia kwenye kizuizi. Balozi zetu ziko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisumu, kwa hiyo jiandikishe nazo kwa simu au barua pepe wakati wa amani. Piga picha kila hati na uitume kwa ndugu aliye nyumbani.

Pesa taslimu, za noti ndogo, zinazotosha nauli mara mbili hadi mpakani, kwa kuwa nauli hupanda na wakala wa M-Pesa hufunga kwanza. Tokeni za umeme za wiki mbili. Mtungi wa gesi uliojaa. Jerikeni nne za maji. Unga, mchele, maharage, mafuta, chumvi, na dagaa wakavu, ambao huku utawaulizia kwa jina la omena. Dawa zako za mwezi mzima. Maziwa ya mtoto. Siku kumi ndizo ninazohesabu.

Mwenye duka apunguze mzigo wiki mbili kabla. Mimi huacha vitenge vya kujaza rafu ya mbele tu, vingine vinakwenda chumbani kwa rafiki, visivyozidi robota mbili mahali pamoja.

Hatua ya 6: Chuja habari

Sikiliza Ramogi FM au Nam Lolwe ukiwa na jirani wa kukutafsiria, na Radio Citizen kwa Kiswahili. Tahadhari za balozi za Marekani na Uingereza soma pia. Ziko wazi kwa kila mtu na hutaja tarehe na maeneo. Ila kumbuka zimeandikwa kwa mwenye gari na tiketi ya ndege. Zikisema "epukeni Kisumu", kwako wewe mwenye chumba na watoto shule hiyo bado si amri ya kukimbia.

Video ya WhatsApp usiisambaze hadi umjue mtu aliyesimama pale. Mara tatu nimeletewa video ya Kondele "leo hii", nikatambua kibao cha duka lililofungwa miaka mingi iliyopita.

Na usitegemee intaneti. 25 Juni 2024 mtandao ulisuasua Kenya nzima. 25 Juni 2025 mamlaka ya mawasiliano iliagiza televisheni na redio ziache kurusha maandamano moja kwa moja. Na kwetu Tanzania, siku ya kura ya 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa huku watu wakiuawa mitaani. Mimi nilikuwa Kisumu salama, ndugu zangu Mwanza, na nilikuwa nawapata kwa simu ya kawaida tu, tena kwa shida. Tangu hapo nina karatasi ukutani yenye namba kumi, na tumekubaliana ujumbe mfupi wa saa moja asubuhi na saa moja jioni: "Mzima." Siku hizo pia zilinifundisha kutosema tena "nikizidiwa narudi nyumbani" bila kwanza kuuliza nyumbani kukoje.

Dalili ninazoziamini kuliko redio yoyote ziko mtaani. Mama mboga anakunja turubai saa nne asubuhi. Tuktuk zimepotea. Watoto wa shule wanarudi kabla ya saa sita. Magari yamechomeka matawi mbele ili yapishwe. Bodaboda wanakimbilia upande mmoja wote. Ukiona mbili kati ya hizo, funga, nenda ndani.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kama lazima utoke, toka alfajiri. Kwa niliyoyaona, barabara nyingi hufungwa kuanzia saa tatu au saa nne. Uwe ndani kabla ya jua kuzama.

Ndani, kaa chumba kisichotazama barabara, chini ya usawa wa dirisha, na ukuta wa tofali kati yako na kelele. Usitoke roshani kupiga picha. Agosti 2017 mtoto wa kike Mathare, Nairobi, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya ghorofa. Usiku zima taa za nje na uache mlango umefungwa, lakini funguo ziwe mahali ambapo hata mtoto anazijua.

Moshi wa kitoa machozi ukikaribia, funga madirisha na uzibe chini ya mlango kwa taulo lililolowa. Ukikupata nje, nenda upande upepo unakotoka na mahali palipoinuka, usisugue macho, osha kwa maji safi mengi, kisha ubadili nguo. Mtoto mchanga na mwenye pumu wapelekwe mbali mapema. Hao moshi huo unaweza kuwaua.

Ukikutana na kizuizi cha vijana, simama mbali, mikono ionekane, msalimie aliye mkubwa kwanza. Wakitaka pesa kidogo ya kukupisha, toa bila hasira. Ukikutana na polisi, usikimbie. Sema polepole kwamba wewe ni mgeni na uombe ruhusa kabla ya kutia mkono mfukoni kutoa hati. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Siku za namna hiyo Msalaba Mwekundu mara nyingi ndio wanaopita pasipopitika.

Hatua ya 8: Kuondoka

Naondoka yakitimia mawili kati ya haya: fujo imegeuka ya jamii kwa jamii, mtu anayenijua ameniambia nitoke, dawa au maji yanakwisha, au barabara yangu iliyofunguliwa leo huenda kesho isifunguke. Nikitimiza mawili siiti kikao cha ukoo.

Kwenda Uganda, njia ni Kisian, Maseno, Luanda, Ugunja hadi Busia. Maseno uliza kwanza, ni mji wa chuo na wanafunzi huifunga barabara. Kwenda Tanzania, watu hupitia Ahero, Katito, Sondu, Oyugis, Kisii, Migori hadi Isebania na Sirare. Sondu ikiwa na joto, pale Katito kata kwenda Kendu Bay na Homa Bay, utokee Rongo. Kuna pia njia ya Bondo hadi Luanda K'Otieno, ukavuka kwa feri hadi Mbita, ndefu lakini imenifaa. Kwenda Nairobi utapita Kericho na Nakuru, yaani maeneo yenye siasa tofauti na Kisumu. Basi la usiku msimu huo mimi sipandi.

Uwanja wa ndege uko barabara ya Busia. Anayeishi upande wa Kondele au Mamboleo alale karibu na uwanja usiku wa kuamkia safari.

Ukiondoka, mwachie mwenye ploti kodi ya mwezi na umwambie unarudi. Anayeondoka bila neno, chumba chake huhesabiwa kimeachwa.

Na ukibaki, mambo yakitulia, toka mchana wa siku ya kwanza maduka yanapofunguliwa. Mpigie kila mmoja wa zile namba kumi. Rudisha jerikeni uliyoazima. Yule mama mboga atakuwa amepoteza mtaji wa siku tatu au nne. Nunua kwake, usimwombe apunguze bei, na umwulize watoto wake wote wako salama.